Kopo la Vidonge vya Njano

Jumamosi ile ya mwezi wa saba Kariakoo ilikuwa imejaa mpaka inatisha. Wasukuma mikokoteni walikuwa wanapiga kelele, "Miguu! Miguu!" Wauza soksi walikuwa wametandaza mali hadi katikati ya njia, na mtu akiinama kufunga kamba ya kiatu, akiinuka anajikuta yuko mbele ya duka la mwingine. Hivyo ndivyo Hashimu alivyoingia dukani kwa Mzee Ghanim, kule Mchafukoge: ubavu kwanza, mfuko wa shati unaning'inia, kofia yake ya kazi ameibana kwapani isije ikakanyagwa.

Nyuma ya kaunta alikuwapo Sitara binti Abubakary, msichana wa miaka ishirini na sita, baibui jeusi limepigwa pasi likanyooka, mtandio wa zambarau, na vidoleni hina ya harusi ya watu iliyokuwa inaanza kufifia.

"Karibu kaka. Pole na msongamano."

"Asante dada. Ngoja kwanza nijikague, huenda nimekuja na mguu wa mtu."

Anifa, mwenzake Sitara, aliyekuwa juu ya ngazi anapanga mipira ya pampu, alicheka hadi ngazi ikatikisika.

Duka lile halikuwa la vitenge wala la simu. Lilikuwa linauza vifaa vya watu wa mafuta: nozeli, rula ndefu za kupimia kina cha matangi, na vile vidonge alivyovifuata Hashimu, vidogo kama kifungo cha shati, vya njano. Unakichomeka kimoja kwenye mdomo wa bomba la sindano, unavuta mafuta yapite ndani yake. Kikibaki njano, mafuta ni salama. Kikigeuka kijani, mafuta yameingia maji. Hashimu alikuwa mpimaji wa kampuni moja upande wa Magomeni iliyokuwa inauza dizeli ya jenereta za hospitali, na kazi kama hiyo haina mzaha. Mtu akiwa amelazwa anapasuliwa na umeme umekatika, roho yake iko kwenye ile dizeli.

"Nataka kopo moja," alisema. "Ila nihesabie."

"Limeandikwa themanini, kaka."

"Hata chaja niliyonunua juzi iliandikwa orijino."

Sitara alisita. Kariakoo mteja haondoki na kitu bila kukijaribu. Balbu inawashwa, redio inaimbishwa, kiatu kinatembelewa, kwa sababu kila ukuta umeandikwa mali ikishauzwa hairudishwi. Lakini Mzee Ghanim alishamwambia zaidi ya mara moja, "Binti, kopo hili usilifungue dukani. Vidonge hivi vinanyonya hewa." Saa ile mzee alikuwa juu ghorofani, kajilaza. Kiyoyozi kilikuwa kinavuma, duka limepoa vizuri. Naye yule kijana alikuwa na macho ya kucheka. Basi akafungua kopo, akavimwaga vidonge kwenye sinia la bati, akaanza kuvisogeza kwa ncha ya kalamu.

Alipofika thelathini na saba, Hashimu akauliza, "Kwani nyumbani ni wapi?"

"Umenipoteza hesabu!"

"Anza tena. Mimi sina haraka."

Alianza tena. Alipofika hamsini na mbili akamuuliza jina. Ilipotimia themanini, Anifa alikuwa ameshashuka ngazi, amekaa juu ya boksi, anawatazama kama mtu aliyelipia kiingilio.

"Kaka yangu," alisema Anifa, "mwezi ujao uje asubuhi, maana vidonge vyako vina sura ya kuhesabiwa kutwa."

Na kweli alikuja asubuhi. Akaja mwezi uliofuata, na mwingine. Kila mara kopo linafunguliwa, kila mara vidonge vinahesabiwa polepole, na hakuna hata siku moja vilipopungua. Wote wawili walijua havitapungua.

Simu nazo zikaanza.

"Mpimaji, leo umepima nini?"

"Maboza manne, laazizi. Yote njano. Na moyo wangu umeupima?"

"Huo una maji mengi. Nimeurudisha ulikotoka."

"Basi nitumie lakiri nyingine niufunge upya."

Sitara alikuwa anacheka huku amejifunika mdomo kwa mtandio, asisikike na baba yake aliyekuwa chumba cha pili. Waliishi wawili tu katika nyumba ya urithi, Mtaa wa Sikukuu, tangu mama yake atangulie mbele ya haki. Mzee Abubakary alikuwa dereva wa boza. Miaka thelathini na moja alikuwa anabeba mafuta kutoka bandarini, na katika miaka hiyo hakuwahi kuitwa ofisini hata mara moja. Mtaani alikuwa ndiye mshika funguo za msikiti. Alfajiri kabla ya mwadhini yeye alikuwa ameshafika, amefagia, ametandika.

Hashimu alileta posa mwezi wa kwanza, pamoja na wazee wake wawili waliotoka Tanga. Mzee Abubakary aliwasikiliza, akamwita binti yake nyuma ya pazia, akamuuliza mara tatu kama inavyotakiwa. Harusi ikapangwa Mfungo Tatu.

"Huyu kijana mimi namjua," mzee alimwambia Sitara siku ile. "Nashusha mafuta kwake. Akipima, hana ndugu. Mtu wa namna hiyo hawezi kukudhulumu."

Hayo ndiyo maneno aliyoyasema. Mwanadamu anasema anachokiona, Mungu anajua kisichoonekana.

Masika mwaka ule yaliingia kwa hasira. Baada ya Idi mvua ilikaa siku tisa bila kupumua. Kuta za Mchafukoge zikatoka jasho, maboksi yakalegea, chumvi kwenye kikopo cha Anifa ikawa uji. Kiyoyozi cha dukani kikafa, fundi akasema kifaa chake kiko melini. Ndani ya unyevu huo Hashimu alikuja kuchukua kopo la mwezi wa nne, shati limemganda mgongoni, miguu imechafuka matope ya Jangwani.

"Leo nikupe lilivyo, Hashimu. Mvua hii," Sitara alisema.

"Haa! Mke mtarajiwa anataka kuniibia? Hesabu bwana. Ndiyo starehe yangu pekee niliyobakiwa nayo."

Akahesabu. Wakaongea habari za gauni, za pilau, za shangazi gani akae chumba gani. Vidonge vilikaa kwenye sinia karibu nusu saa. Kisha vikarudishwa, kopo likafungwa, na Hashimu akalitia mfukoni akaondoka anapiga mluzi.

Siku ya nne yake, saa tisa alasiri, simu ikalia.

"Sitara, uko peke yako?"

"Niko na Anifa. Vipi, mbona sauti hivyo?"

"Boza la mzee limekataliwa."

"Boza la baba?"

"Lina maji. Nimepima mara tatu, mara tatu kijani. Bwana Vitalis mwenyewe amesimama hapo anaangalia. Nimeandika."

Vitalis alikuwa meneja wa Hashimu. Sitara alijikuta ameshika ukingo wa kaunta.

"Hashimu, yule ni baba yangu."

"Najua ni baba yako! Unadhani sijui? Alitoka bandarini saa tatu, akafika kwetu saa nane. Bwana Vitalis anauliza saa zote hizo alikuwa wapi."

"Jangwani barabara ilifungwa, maji yalipita juu ya daraja! Bongo nzima inajua!"

"Ndivyo alivyosema na yeye."

"Na lakiri ya tangi je? Ilikuwa imekatwa?"

"Nzima. Lakini siku hizi wanajua kuzifungua na kuzirudisha."

"Wanajua akina nani, Hashimu?"

Ikasikika mvua tu upande wa pili, inapiga bati.

Mzee Abubakary alirudi nyumbani kwa miguu, maji yanamchuruzika kwenye ndevu. Mwenye boza alikuwa amemnyang'anya funguo palepale getini. Alikaa kwenye kigoda cha uani bila kubadili nguo. Sitara alipomletea kanzu kavu, alimtazama kama anayemtafuta mahali pa mbali.

"Wameniita mchakachuaji, mwanangu," alisema. "Mbele ya vijana. Wanasema nimeuza mafuta njiani nikajaza maji ya mafuriko."

"Baba, Mungu anajua."

"Mungu anajua. Mimi nataka na yule kijana ajue. Nilimtazama usoni anapoandika. Hakuniinulia macho."

Neno halikai getini. Baada ya wiki moja lilikuwa limeshafika Mtaa wa Sikukuu, na watu, kwa wema wao, wakaanza kunyamaza mzee anapopita. Ijumaa alipeleka funguo za msikiti kwa imamu. Imamu akazikataa. Mzee akaziweka juu ya mkeka, akatoka. Tangu siku hiyo akawa anaswali nyumbani, na barazani akikaa anaupa mtaa mgongo.

Hashimu alipiga simu mara nyingi. Mara moja tu Sitara alipokea.

"Mpenzi, nisikilize. Nilifanya kazi yangu."

"Umeifanya. Sasa niache na yangu, nampikia uji mzee asiyekula."

"Na harusi yetu?"

"Harusi gani, Hashimu? Nani ataniozesha? Mchakachuaji?"

Akakata. Kisha akaingia stoo, akakaa katikati ya mipira ya pampu, akalia kwa kujiziba mdomo. Anifa alimfuata, akamshika kichwa.

Ikapita mwezi. Mvua zilikuwa zinakaribia kwisha, zinanyesha za mwishomwisho, kifaa cha kiyoyozi bado kiko melini. Asubuhi moja aliingia mama mmoja aliyetumwa na mwajiri wake, akataka kopo la vidonge.

"Nihesabie mwanangu, nisije nikaambiwa nimekula vingine."

Sitara alivimwaga kwenye sinia. Kabla hajafika ishirini, Mzee Ghanim akamwita juu amsomee ujumbe wa simu. Ujumbe ulikuwa mrefu, kisha ukaja mwingine, na mzee hakuwa na miwani. Aliposhuka ilikuwa imepita nusu saa.

"Sasa hivi mbona vimechacha?" aliuliza yule mama.

Sitara akatazama. Vidonge havikuwa njano tena. Vilikuwa vimeingiwa na rangi ya jani changa, vyote, vile vilivyohesabiwa na visivyohesabiwa. Hakuna aliyevigusa. Hakuna tone la maji lililoanguka kwenye sinia. Ni hewa tu ya Mchafukoge na unyevu wake.

Kalamu ikamtoka mkononi.

"Anifa," aliita, na sauti yake haikuwa yake. "Njoo unitazamie. Unaona ninachokiona?"

Anifa alitazama, akamtazama na yeye, akaelewa. "Ya Rabi," alisema. "Lile kopo la masika."

Kuna siri mtu anaweza kuzikwa nazo. Kopo lilikuwa limeshatumika na kutupwa, hapana aliyekuwa anamshuku. Angenyamaza, angebaki na kazi yake, na pengine siku moja Hashimu angerudi. Alifikiri hayo yote, kwa sababu yeye si malaika. Kisha akamkumbuka baba yake alivyokaa barazani na mgongo wake. Akapanda ngazi akamweleza Mzee Ghanim mwanzo hadi mwisho.

Mzee Ghanim alivua kofia akaiweka mapajani. "Nilikukataza mara ngapi, binti?"

"Mara nyingi, mzee."

"Chukua kopo jipya. Usilifungue. Nenda. Kazi yako utaikuta."

Nyumbani alimpigia magoti baba yake. Alimweleza kuwa alikuwa anafungua makopo kwa ajili ya mazungumzo ya mapenzi, na mapenzi hayo ndiyo yaliyomvunjia jina. Mzee Abubakary alimshika mabega.

"Umekuja mwenyewe kuniambia," alisema. "Inuka. Magoti ni ya Mungu."

Kesho yake alikwenda Magomeni. Getini alikuwa amevaa baibui lilelile jeusi, lakini uso ulikuwa umekonda, na Hashimu alipomwona alisimama kama aliyepigwa. Na yeye hakuwa mzima. Ndevu zimeota ovyo, sare imemzidi mwili.

"Chupa ya sampuli ya boza la baba mnayo?" Sitara aliuliza, hata salamu hakuitoa.

"Ipo. Imefungwa kabatini, inakaa siku tisini."

"Mwite Bwana Vitalis. Ipimeni tena, kwa kopo hili."

Vitalis alikuja, mtu mnene mwenye haraka, akasikiliza hadithi ya sinia na unyevu, na kadiri alivyosikiliza haraka ikampungua. Kopo likafunguliwa mbele ya watu wote, kidonge kikachomekwa, Hashimu akavuta dizeli. Kidonge kikabaki njano. Akatoa kingine. Njano. Cha tatu. Njano kama kiini cha yai.

"Mama yangu," alisema Vitalis taratibu. "Tumemwonea mzee wa watu."

Akaingia ofisini kupiga simu. Wakabaki wawili, na ile harufu ya dizeli, na mwanga wa jua la baada ya mvua juu ya matangi. Hapo Sitara akauliza swali ambalo lilimkosesha usingizi.

"Siku ile, kabla hujavuta mafuta, kidonge kilikuwa rangi gani?"

"Sitara, ilikuwa mvua, nina haraka..."

"Wewe unapima maboza kila siku. Macho yako nayajua. Kilikuwa rangi gani?"

Hashimu alikaa chini, kwenye ngazi ya zege.

"Kilikuwa kimeanza," alisema.

"Kimeanza nini?"

"Kijani. Kidogo. Vyote vya kopo lile vilikuwa vimeanza. Nililifungua siku ileile, na jioni nikalitupa nikaazima jingine." Akajifuta uso kwa kofia. "Ningekuwa na dereva mwingine yeyote ningesema subirini, kopo hili silipendi, leteni jingine. Lakini Bwana Vitalis alikuwa hapo, na vijana wote wanajua yule ni mkwe wangu. Wangesema namkingia. Ningeonekana na mimi nimo. Nikajiambia, nikiandika kijani hakuna atakayenishuku."

"Kwa hiyo baba yangu aliponzwa kwa kuwa mkwe wako."

"Nilikuwa naogopa, Sitara."

"Na huo mwezi mzima ulionipigia simu? Ulikuwa unaogopa bado?"

"Kila siku nilitaka kusema. Kila siku ilikuwa ngumu kuliko jana."

Sitara hakupiga kelele. Alifunga kopo, akalikaza mfuniko, akampa.

"Iandike," alisema. "Hiyo ya kijani uliyoiona kabla. Usiandike makosa yangu peke yake."

Aliandika. Hilo lazima Hashimu asemewe, kwamba aliandika yote kwa mkono wake, akatia sahihi, na siku hiyohiyo akaachishwa kazi. Barua ya kumsafisha mzee ikaletwa Mtaa wa Sikukuu na Vitalis mwenyewe, na mbele ya majirani akaisoma kwa sauti. Imamu alikuwapo. Mzee Abubakary aliipokea, akashukuru, akaikunja. Mwenye boza alikuwa ameshampa dereva mwingine gari, naye akaahidi atamkumbuka. Mzee alisema asikumbukwe, amechoka. Imamu alipomrudishia funguo alizikataa kwa upole, akasema wapewe vijana wenye magoti mazima. Ijumaa ile alikwenda msikitini, lakini alikaa safu ya nyuma, karibu na mlango.

Wiki mbili baadaye Hashimu alikuja nyumbani. Shati jeupe, ndevu zimenyolewa, mikono mitupu. Aliomba msamaha kwa mzee, amepiga magoti uani.

"Shikamoo baba. Nimekuja bila wazee, maana kosa ni langu."

"Marahaba. Nimekusamehe tangu siku ile ya barua," mzee alijibu. "Bila hivyo nisingeweza kuswali. Habari za binti muulize mwenyewe, hizo si zangu."

Akainuka akaingia ndani, akawaachia ua. Sitara alikuwa anaanika nguo. Hakuacha kuanika.

"Nimepata kazi Tanga," alisema Hashimu. "Kwa mjomba, karakana. Si kubwa, lakini ina heshima. Kuna chumba na ukumbi. Nakuomba, Sitara. Mfungo Tatu haujaisha. Shehe mmoja, mashahidi wawili, hatutaki pilau ya watu."

"Unanipenda?"

"Unaniuliza hilo?"

"Nakuuliza."

"Nakupenda mpaka najichukia."

Sitara alibana kanzu ya baba yake kwenye kamba. Machozi yalikuwa yanashuka na hakuyafuta, kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi.

"Na mimi nakupenda," alisema. "Sikufichi. Nimejaribu kuacha, sijaweza. Na nimekusamehe, kwa kuwa na mimi nimesamehewa kubwa. Lakini Hashimu, mke hufikwa na siku ya shida. Ataumwa, atasingiziwa, atazeeka. Siku hiyo ikifika, na watu wamesimama wanakuangalia, utanitazama mimi au utawatazama wao?"

"Wewe. Wallahi, wewe."

"Siku ile ya baba pia nilikuwa mimi."

Kwenye nyumba ya jirani redio ilikuwa inatangaza matokeo ya mpira, na watu walikuwa wanashangilia. Hashimu alisimama pale mpaka nguo zikaisha kwenye beseni. Kisha akasema, "Mungu akuweke, Sitara," akatoka kwa mlango wa uani.

Jumatatu asubuhi, saa nne, dukani kulikuwa na wateja watatu. Simu ya Sitara ikalia. Anifa aliliona jina la Hashimu, akachukua kalamu mkononi mwa mwenzake akaendelea na wateja.

"Umefika wapi?" Sitara aliuliza.

"Chalinze. Basi limesimama, watu wanakula."

"Na wewe kula."

"Sina hamu."

"Kula hivyohivyo, safari bado ndefu."

"Sitara..."

"Nakusikia."

Akasikia kelele za wauza korosho, honi, kondakta anaita abiria warudi.

"Mwambie mzee nimemsalimia," alisema Hashimu.

"Nitamwambia."

Simu ikakatika. Sitara akainama chini ya kaunta, kama anayetafuta kitu, akakaa huko kidogo. Alipoinuka alivuta mtandio wake mbele, akamgeukia mteja aliyekuwa karibu.

"Karibu kaka. Nikusaidie nini?"